Hesabuni Mabasi, Si Abiria: Nasaha kwa Vijana wa Nuzha Mbili

Wanangu wa mtaa wa Nuzha hapa Jeddah na wanangu wa mtaa wa Nuzha kule Riyadh, nina neno nanyi.

Kila tunapokaa kuchangia msiba wa kijana aliyeanguka ghafla, nasikia maneno yale yale: "Jana tulikuwa naye, mzima wa afya, hana neno." Huyu aliegesha gari akashika kifua. Yule alirudi kutoka zamu ya usiku akalala, asubuhi hakuamka. Kisha minong'ono huanza: kijicho, jini, chakula alichopewa na watu. Sibishani na mtu aliye msibani, na umri uko mikononi mwa Mungu. Lakini mzee wenu nimefanya kazi ya maabara tangu ujana wangu Tanga hadi nilipostaafu hapa Jeddah, na damu za watu wa mataifa mengi zimepita mikononi mwangu. Nawaambia kwa yakini: mtu anaweza kuwa mzima machoni pa wenzake huku damu yake ikiwa na neno kwa miaka mingi, na neno hilo linapimika.

Neno lenyewe linahusu apolipoprotini. Jina ni refu, lakini mkinisikiliza taratibu mtalielewa, na mkilielewa mtajua cha kumuuliza daktari.

Mafuta hayayeyuki katika maji, na damu kwa sehemu kubwa ni maji. Kwa hiyo lehemu, ile mnayoisikia ikiitwa kolesteroli, pamoja na mafuta mengine yaitwayo trigliseridi, haviwezi kusafiri mwilini vyenyewe. Vinabebwa. Ninyi mnaokaa Nuzha ya Jeddah mnajua barabara za upande wa uwanja wa ndege zinavyokuwa Hija inapokaribia: mahujaji wanapakiwa kwenye mabasi, na kila basi lina dereva wake anayejua liendako. Damuni nako kuna mabasi ya namna hiyo. Kila basi ni kifurushi kidogo sana kiitwacho lipoprotini. Abiria wake ni lehemu na mafuta. Na apolipoprotini ni protini zilizokaa juu yake kulishikilia lisivunjike na kulielekeza kituo cha kushushia.

Apolipoprotini ziko nyingi, na kila moja ina kazi yake. Inayohusika zaidi na moyo ni apoB. Ini hutengeneza apoB ndefu, yenye amino asidi 4,536. Utumbo hutengeneza fupi, yenye asilimia 48 ya urefu wa ile ya ini, na ndiyo maana wataalamu huziita apoB-100 na apoB-48. Hiyo fupi hubeba mafuta ya chakula tulichokula saa chache zilizopita. Ile ndefu hubeba yale yanayotoka kwenye ini, na ndiyo inayokaa kwenye LDL, basi linalobeba sehemu kubwa ya lehemu ya damu. Shikeni jambo moja hapa, maana ndilo shina la nasaha yangu: kila basi la aina hii lina apoB moja tu, haliwi na mbili. Ukihesabu apoB, umehesabu mabasi.

Kwa nini tuyahesabu? Kwa sababu ni mabasi haya ya apoB yanayopenya kwenye ukuta wa ateri na kukwama humo. Yakiwa machache, mengi huondoka salama na ini huyapokea. Yakiwa mengi mwaka hadi mwaka, yanayokwama yanazidi. Chembe za ulinzi za mwili huja kuyameza, hujaa mafuta, hufia hapo hapo, na ukuta unavimba kwa ndani. Siku uvimbe huo ukipasuka, damu huganda juu yake, njia huziba, na sehemu ya moyo au ya ubongo hukosa damu. Mchakato mzima unaweza kuchukua miongo ya miaka. Mwisho wake unachukua dakika.

Sasa, kipimo mnachofanyiwa mara nyingi, kile cha LDL, hakihesabu mabasi. Kinapima abiria, yaani lehemu iliyobebwa. Mara nyingi mambo hayo mawili huenda sambamba, lakini si mara zote. Chukulieni vijana wawili, wote LDL yao ni miligramu 110 kwa desilita. Wa kwanza ana mwili wa wastani, na lehemu yake imepakiwa kwenye mabasi makubwa, machache. Wa pili ana kitambi, sukari imeanza kupanda na trigliseridi ziko juu. Lehemu ile ile imegawanywa kwenye mabasi madogo, mengi. Karatasi zao zinafanana, hatari zao hazifanani. Huyu wa pili, apoB ndiyo itakayomfichua. Na hali ya huyu wa pili ndiyo ya wengi wenu hapa: kutwa nzima kwenye kiti cha gari, soda mkononi, usingizi wa mang'amung'amu, kisha sinia la kabsa usiku wa manane.

Haya siyatoi kichwani. Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uitwao INTERHEART, ulioongozwa na Salim Yusuf wa Canada, uliofanyika katika nchi 52, Kenya ikiwemo. Watafiti waliwachukua watu wapatao 15,000 waliopatwa na mshtuko wa moyo kwa mara ya kwanza, wakawalinganisha na wengine wa umri na jinsia kama zao ambao hawakupatwa. Katika yote waliyoyapima, mawili yalitangulia mbele: uvutaji wa sigara, na uwiano kati ya apoB na apoA-I, ile apolipoprotini ya HDL, basi la aina nyingine lisilo na apoB, inayosaidia kurudisha lehemu kwenye ini. Na ni huku Mashariki ya Kati ambako mshtuko wa kwanza uliwafika watu wakiwa na umri mdogo kuliko kwingineko: umri wa katikati ulikuwa miaka 51. Maana yake, karibu nusu ya wagonjwa wa huku walikuwa hawajafika umri huo. Ni watu ambao bado walikuwa wanalipa ada za watoto.

Mtaniambia: "Mzee, sisi tuna miaka 25, hayo ni ya watu wazima." Hapana, wanangu. Mwaka 1953 madaktari wa jeshi la Marekani walichapisha walichokikuta katika mioyo ya askari 300 waliouawa kwenye vita vya Korea. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22. Katika kila askari 100, 77 walikuwa tayari na dalili za ugonjwa kwenye ateri za moyo. Hao ni vijana waliokuwa wakipanda milima na mizigo mgongoni. Maradhi haya huonekana utu uzimani, lakini huanza katika umri wenu.

Na kinga nayo huanza katika umri huo huo. Mwaka 2006 Jonathan Cohen na Helen Hobbs wa Dallas walieleza habari za Wamarekani weusi waliozaliwa na hitilafu katika jeni iitwayo PCSK9. Hitilafu hiyo huliwezesha ini kuyapokea mabasi ya apoB kwa wingi zaidi. LDL ya watu hao ilikuwa chini kwa asilimia 28 tu kuliko ya wenzao, lakini ugonjwa wa moyo kwao ulikuwa chini kwa asilimia 88. Tofauti hiyo kubwa ililetwa na miaka. Mishipa yao ilipumzika tangu walipozaliwa. Anayeanza kujitunza akiwa na miaka 25 anachuma faida ambayo mwenye miaka 60 hawezi tena kuipata yote, hata akimeza dawa kali.

Nataka niwaonyeshe nilichokiona kwa macho yangu. Damu ikizungushwa kwenye mashine, chembe nyekundu huteremka chini, na juu hubaki majimaji ya manjano hafifu yanayopitisha mwanga; ukiweka maandishi nyuma yake, unasoma. Siku moja ililetwa damu ya kijana wa kwetu, dereva wa lori, aliyekuja akijikunja kwa maumivu ya tumbo. Ilipotoka kwenye mashine, majimaji yale yalikuwa meupe tupu, mazito, hayaonyeshi hata kivuli cha kidole. Nikaiweka sehemu yake kwenye friji hadi asubuhi: utando wa mafuta ulikuwa umeelea juu, unene wa ukucha, na chini yake bado ukungu. Sukari yake ilikuwa imepanda sana na hakuwa na habari. Kongosho lake lilikuwa limevimba.

Yaliyompata yanahusu jamaa wengine wa ukoo huu wa protini. Mabasi ya mafuta yakifika kwenye misuli, apoC-II ndiyo inayokiamsha kimeng'enya cha kuyashusha mafuta hayo, apoC-III hukizuia. Mwenye kisukari kisichotibiwa, mwenye kunywa soda kutwa, mwenye kunywa pombe, trigliseridi zake hurundikana, na zikipita miligramu 1,000 kwa desilita kongosho huwa hatarini. Wapo pia wanaozaliwa bila apoC-II inayofanya kazi, nao huugua tangu utotoni hata wakila kidogo. Kijana yule hakuwa wa hao. Alipona, akaacha soda, akashika dawa ya kisukari, na damu yake ikarudi kupitisha mwanga. Basi mkiona maumivu makali ya tumbo la juu yanayopenya mgongoni, msinunue dawa ya gesi mkalala nayo. Nendeni hospitali usiku huo huo.

Sasa tuje kwenye urithi, maana hapa ndipo vijana wengi huteleza. La kwanza, kuna apolipoprotini nyingine iitwayo apo(a). Msiichanganye na apoA-I. Majina yanakaribiana, kazi ziko mbali. Hiyo apo(a) hujishikiza kwenye basi la LDL na kulifanya liwe la hatari zaidi, nalo huitwa lipoprotini(a). Mnorwe Kåre Berg ndiye aliyeigundua mwaka 1963. Kiwango chake mtu huzaliwa nacho, kwa sehemu kubwa kabisa. Mazoezi hayakibadilishi sana, wala vidonge vya statini, vile vya kushusha lehemu, havikishushi. Na sisi watu wenye asili ya Afrika, viwango vyetu kwa kawaida huwa juu kuliko vya Wazungu. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa mwembamba, hana sukari, havuti, na bado akawa amebeba hatari hii bila kujua. Kipimo chake kinatosha mara moja katika maisha. Kiwango kikizidi miligramu 50 kwa desilita, au nanomoli 125 kwa lita, ujue kwamba mengine yote yanayobaki mikononi mwako, apoB, shinikizo la damu, sigara, hayana nafasi ya mchezo.

Wala msikate tamaa kwa kusikia "umezaliwa nacho." Ludewa, kusini mwa Tanzania, ulifanyika utafiti unaojulikana kwa jina la Lugalawa, na sehemu ya matokeo yake ilitoka mwaka 1996 katika jarida la Lancet. Walilinganishwa watu wa asili moja: wavuvi wa ufukwe wa Ziwa Nyasa, wanaokula samaki kila siku, na wakulima wa milimani ambao chakula chao ni cha shambani. Wavuvi walikutwa na shinikizo la damu la chini zaidi, trigliseridi chache zaidi, na hata lipoprotini(a) ya chini zaidi. Watafiti wakarudi kuichunguza apo(a) yenyewe, wakaona tofauti hiyo haikuletwa na umbo la protini waliyorithi. Wao waliihusisha na ulaji wa samaki. Ninyi wa Jeddah mnaishi kwenye ukingo wa Bahari ya Shamu. Sayadia, wali na samaki, mnauziwa mlangoni kwenu. Sijui ni kwa nini kijana aliyekulia kwa samaki wa Pemba, wa Lamu au wa Kigoma akifika hapa anawasahau na kushinda na kuku wa kukaanga.

La pili katika urithi ni ndoa. Katika ukoo wetu wa Pwani, na kwa wenyeji wetu hapa, kuoana mabinamu ni jambo la kawaida na la heshima, na siji kuliharibu. Lakini jueni kwamba kuna maradhi ya kurithi ya lehemu ambayo humpata mtu 1 kati ya 250 hadi 300. Kwa wengi wao, mlango wa ini unaoipokea apoB ndio wenye hitilafu. Kwa wachache, apoB yenyewe ndiyo imepinda sehemu ya kushikia mlango. Michael Brown na Joseph Goldstein, waliougundua mlango huo, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Mtu akirithi hitilafu hii kwa mzazi mmoja, moyo wake unaweza kumsumbua akiwa na miaka 40. Akiirithi kwa wazazi wote wawili, jambo lililo jepesi zaidi kutokea wazazi wakiwa mabinamu, mtoto huota vivimbe vya manjano kwenye viwiko, magoti na kano za visigino, na mshtuko wa moyo unaweza kumjia kabla hajafika miaka 20. Nchi hii ya Saudia ilianza mwaka 2004 kulazimisha vipimo kabla ya ndoa, na maradhi ya damu ya kurithi inayoyatafuta ni selimundu na thalasemia, lehemu haimo. Kwa hiyo swali hili mliulize wenyewe. Kabla ya mahari, kaa na mama yako na shangazi zako: nani katika ukoo alifariki ghafla kabla ya miaka 55? Nani alikuwa na vivimbe machoni au viwikoni? Jibu likiwa ndiyo, nyote wawili kapimeni mafuta ya damu. Kuuliza hakuvunji posa. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na watoto ndio wanaolipa.

La tatu ni kwa wale wanaotuma mate yao ng'ambo kupimwa jeni, kisha wanakuja kwangu na karatasi mkononi, uso umepauka: "Mzee, nina apoE4, nitapoteza akili." ApoE ni protini inayosaidia kupokelewa kwa mafuta kwenye ini na kuyagawa ndani ya ubongo. Ina sura tatu, E2, E3 na E4, na tangu 1993 imejulikana kwamba E4 inaongeza uwezekano wa ugonjwa wa Alzheimer. Ni kweli, lakini si kwa uzito mmoja kwa watu wote. Wazee wa Kikikuyu wa Nyeri walipochunguzwa, E4 ilikuwa nyingi miongoni mwao, wala haikuonekana kuwatenga waliopatwa na usahaulifu na wasiopatwa. Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, walipolinganishwa na Wamarekani weusi wa Indianapolis, E4 ilikuwa na uzito mdogo zaidi kule Ibadan. Basi karatasi iliyoandikwa kwa hesabu za watu wa mbali isikutoe usingizi. Shinikizo la damu, kisukari na sigara vinaharibu ubongo wa kila mtu, na hivyo unaviweza leo.

La nne linatuhusu sisi wa Afrika pekee, na nalisema kwa heshima ya waliotutangulia. Kati ya mwaka 1900 na 1920, ugonjwa wa malale uliua zaidi ya watu 200,000 Busoga na pwani za Ziwa Victoria. Visiwa vilihamwa, vijiji vikawa vichaka. Kwa nini basi kimelea cha malale ya ng'ombe, ndugu wa kile cha watu, hakimdhuru binadamu? Mwaka 2003 Étienne Pays na wenzake wa Brussels walionyesha kwamba ni apolipoprotini iitwayo apoL1, inayosafiri kwenye HDL, ndiyo inayoingia ndani ya kimelea hicho na kukitoboa. Kimelea cha malale ya Afrika Mashariki kilipata protini ya kujikinga nayo, ndiyo maana kinatuua. Lakini katika baadhi ya watu apoL1 nayo iligeuka sura. Sura mojawapo, iitwayo G2, ilionekana nchini Uganda kuwakinga watu na malale hayo.

Zawadi hiyo ina gharama yake. Mwaka 2010 iligunduliwa kwamba mtu mwenye nakala mbili za sura hizo, G1 au G2, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama, yuko katika hatari zaidi ya ugonjwa wa figo. Zimejaa zaidi Afrika Magharibi. Kwetu Mashariki zipo kwa uchache, na Ethiopia karibu hazipo. Humu Hijazi tunaishi na kuoana na watu ambao babu zao walikuja Hija kutoka nchi za Hausa wakabaki, kwa hiyo damu zetu zinachanganyika. Wengi wenye nakala mbili hawaugui kamwe. Lakini ikiwa kwenu kuna aliyefanyiwa dialisisi akiwa kijana, pimeni shinikizo la damu, pimeni protini kwenye mkojo, na kabla ya yeyote kumtolea ndugu yake figo, amuulize daktari juu ya apoL1. Dawa inayolenga protini hii tayari imejaribiwa kwa wagonjwa, na matokeo ya kwanza yaliyotolewa mwaka 2023 yalionyesha protini inayovuja kwenye mkojo ikipungua karibu nusu.

Nije kwenye faraja isiyo ya kweli, maana nayo inaua. Wapo wanaoniambia: "LDL yangu iko juu, lakini ile nzuri, HDL, nayo iko juu, basi zinafutana." Hazifutani. Huko Limone sul Garda, kijiji cha Italia, kuna ukoo ulioonekana miaka ya 1970 una HDL ndogo sana, lakini mishipa yao ilikuwa mizuri. ApoA-I yao ilikuwa imebadilika kidogo, ikaitwa Milano. Watu wakafurahi wakatengeneza dawa kutokana nayo, na miaka mingi baadaye majaribio hayakuleta kilichotarajiwa. Dawa nyingine zilizopandisha HDL nazo zilishindwa kupunguza vifo. Moja yao ilisimamishwa mwaka 2006 kwa kuwa waliokuwa wakiimeza walikufa zaidi. HDL si leseni. Mabasi ya apoB yakiwa mengi, ni mengi.

Sasa nisikilizeni la kufanya, na naomba mlifanye kabla ya mwezi huu kwisha.

Wenye bima ya kazini, itumieni. Haikuwekwa kwa ajili ya mafua tu. Ombeni kipimo cha mafuta ya damu, na ombeni apoB kwa jina lake. Hakihitaji kufunga kula, na bomba moja la damu linatosha. Kwa mtu mwenye hatari ya wastani, madaktari wa Ulaya tangu 2019 wanataka apoB iwe chini ya miligramu 100 kwa desilita. Mwenye hatari kubwa, chini ya 80. Aliyekwisha kupata mshtuko wa moyo, chini ya 65. Ombeni lipoprotini(a) mara moja. Msiokuwa na uwezo wa apoB, chukueni karatasi ya kawaida, toeni HDL kutoka kwenye kolesteroli yote. Kinachobaki ndiyo lehemu yote iliyobebwa na mabasi ya apoB. Hesabu hiyo haina gharama, na inakaribia ukweli kuliko LDL peke yake.

Chakula kinabadilisha apoB, na msingi wake hauna fumbo. Samli, mafuta ya nyama, siagi na tui zito la nazi vinaiongeza, kwa kuwa vinalifanya ini lipunguze milango ya kuyapokea mabasi. Siwakatazi wali wa nazi siku ya sikukuu. Nawakataza kuufanya chakula cha kila usiku juu ya sinia la mandi. Fuuli ya asubuhi, maharage, shayiri, samaki, mafuta ya zeituni, mboga: hivi vinaishusha, na vyote viko bakala ya mtaani kwenu. Mwezi wa Ramadhani ungetupunguza, lakini wengi tunautoka tumenenepa kwa sambusa na vimto. Futuruni kwa tende na maji, mswali, kisha mle kama watu. Jeddah kuna Corniche, Riyadh kuna Wadi Hanifah. Jua likizama tokeni mtembee, kundi zima, badala ya kulizunguka bomba la shisha. Shisha na sigara vinauharibu ukuta wa ateri, na ukuta ulioharibika huyanasa mabasi hata yakiwa machache.

Daktari akikuandikia statini, imeze. Nimeona vijana wakiitupa kwa sababu mtu fulani kwenye simu amesema inaua ini, wakaenda kunywa habbat sauda peke yake. Habbat sauda kunywa ukipenda, statini usiiache. Inaliamsha ini kuongeza milango, apoB inashuka, na imepimwa kwa watu wengi kuliko dawa nyingi mnazozijua. Ikikuuma misuli, rudi kwa daktari akubadilishie, zipo nyingine, pamoja na sindano za kuchoma mara chache kwa mwaka. Dini yetu imetuamrisha kujitibu, na tawakali haikamiliki mpaka ngamia afungwe.

Mwisho, msibaki na haya peke yenu. Matokeo yako ni habari ya ndugu zako wa tumbo moja, maana mmerithi damu ile ile. Ukikutwa na lipoprotini(a) ya juu au maradhi ya lehemu ya kurithi, usiku huo huo mpigie kaka yako aliyeko Morogoro, dada yako aliyeko Malindi, mama yako aliyeko Unguja, na uwaambie wakapime. Mnawatumia fedha kila mwisho wa mwezi, na Mungu awalipe kwa hilo. Watumieni na habari hii, kwa kuwa hao mnaowatunza wanawahitaji ninyi wenyewe mkiwa hai kuliko wanavyozihitaji hizo riali.

Mwenyezi Mungu awape umri mrefu wenye afya, awarudishe makwenu mkiwa wima, na awajaalie kuwa wasikivu. Kapimeni.